Majina ya miji ya Waebrania: visa vya Mwanzo na ushahidi wa vibao

Kitabu cha Mwanzo kinaeleza asili ya jina Beer-sheba mara mbili. Katika sura ya 21, Ibrahimu anatenga wana-kondoo wa kike saba mbele ya Abimeleki, wanaapiana, na mahali pale panapata jina. Ukifika sura ya 26, watumishi wa Isaka wanaleta habari kwamba wamepata maji siku ileile aliyoapiana na Abimeleki, naye anakiita kisima Shiba. Kwamba beer ni kisima, hakuna anayebisha. Je, sheba ni saba, neno lenye asili moja na saba yetu iliyotufikia kupitia Kiarabu, au ni kiapo? Kiebrania kinaruhusu yote mawili, kwa kuwa kuapa na saba huandikwa kwa konsonanti zilezile.

Wapo wanaosema kisa cha Biblia ndicho asili ya jina, na mjadala umekwisha. Wapo pia wanaosema visa hivi vilitungwa baadaye kueleza majina ambayo maana yake ilikuwa imesahaulika.

Hawa wa pili wana hoja nzito. Mwanzo 11 inahusisha Babeli na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kuchafua au kuchanganya, ilhali wenyeji wa mji huo walioandika Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, waliliandika jina lao Bab-ili, lango la mungu. Hoja ya Yerusalemu ni nzito zaidi. Mwaka 1887 vibao vya udongo vilifukuliwa Amarna, Misri. Ni barua za karne ya 14 kabla ya Kristo, na baadhi yake zilitumwa kwa Farao na Abdi-Heba, mtawala wa mji unaoitwa humo Urusalim. Huyo aliishi karne nyingi kabla ya Daudi. Kwa hiyo jina hilo Waisraeli walilikuta. Wataalamu wengi wanaliona kuwa na maana ya msingi wa Shalim, mungu wa machweo anayetajwa katika maandishi ya Ugarit, mji wa kale wa Siria. Tafsiri ya "mji wa amani" tunayoisikia sana makanisani ilizaliwa kwa sababu jina la mungu huyo na neno la amani vina mzizi mmoja. Waebrania 7:2 inafuata njia hiyo inapomwita Melkizedeki, mfalme wa Salemu, mfalme wa amani.

Hata hivyo, wasomi nao huvuka mipaka. Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Waarabu husema Beit Lahm, na kwao lahm ni nyama. Maana zote mbili zinarudi kwenye chakula, na mji uko kwenye ardhi ya mashamba na malisho. Lakini wapo waliopendekeza kwamba jina linatokana na Lahmu au Lahamu, miungu ya Mesopotamia. Hakuna ushahidi wa hekalu la miungu hiyo hapo. Kumdai mhubiri ushahidi halafu wewe mwenyewe ukaridhika na sauti mbili kufanana si haki.

Tena, kumbukumbu ya wenyeji si ya kudharauliwa. Mwaka 1838 Edward Robinson, msomi wa Biblia kutoka Marekani, na mmisionari Eli Smith walizunguka Palestina wakiwauliza wanakijiji Waarabu majina ya mahali wanapoishi. Kijiji cha el-Jib Robinson alikitambua kuwa Gibeoni ya kitabu cha Yoshua. Mwanaakiolojia James Pritchard alipoanza kuchimba hapo mwaka 1956, vishikio vya mitungi vilitoka ardhini vimechongwa jina hilohilo, Gibeoni. Wakulima walikuwa wamelitunza jina kwa zaidi ya miaka elfu mbili bila kibao chochote.

Kwangu, kosa la pande zote mbili ni kuvifanya visa vya Mwanzo kamusi. Waliokusanya kitabu kile waliziacha habari mbili za Beer-sheba sura chache tu kutoka moja hadi nyingine, na sioni dalili kwamba jambo hilo liliwasumbua. Walichotaka kijulikane ni nani aliapa pale, na kisima kilikuwa cha nani. Katika nchi kame, hilo ni suala la uhai na la haki ya ardhi. Anayetaka asili ya silabi aende kwenye vibao; anayetaka kujua kwa nini watu waliupenda mji ule asome kisa.

Wala mwamini hana sababu ya kuogopa majina yaliyotangulia Israeli. Biblia yenyewe inakiri kwamba Betheli hapo kwanza iliitwa Luzu, na Hebroni iliitwa Kiriath-arba. Hesabu 32:38 inasema wazi kuwa Nebo na Baal-meoni, miji yenye majina ya miungu mingine, iligeuzwa majina. Lakini Beth-shemeshi, nyumba ya jua, ambalo nalo liliabudiwa kama mungu, haikuguswa. Katika Yoshua 21 mji huo unapewa wana wa Haruni, makuhani wenyewe, na ukiwa na jina lake lilelile.