Kisoma skrini kinasema, kicheza muziki kimenyamaza

Sisi tusioona tunapolalamika kwamba kicheza muziki hakitoi sauti, mara nyingi anayekuja kutusaidia hushika kipanya na kutamka, kabla hajauliza lolote, kwamba draiva ya sauti, yaani programu inayoendesha kadi ya sauti, imeharibika. Naiona kauli hiyo kuwa ya pupa, kwa sababu ikiwa NVDA, kisoma skrini changu, inanisomea majina ya nyimbo kupitia spika zilezile, basi draiva, kadi ya sauti na spika zenyewe ni nzima, na kilichonyamaza ni programu moja tu.

Tangu Windows Vista, kila programu ina kiwango chake cha sauti, mbali na kile cha kompyuta nzima. Kwa hiyo mimi huacha wimbo ukiendelea kucheza kimyakimya, maana programu isiyocheza kitu huenda isitokee katika orodha ya viwango hivyo, kisha hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, huandika sndvol, amri inayofungua orodha hiyo, na kubonyeza Enter. Hapo hupita kwa Tab hadi nisikie jina la kicheza muziki, nikapandisha kiwango kwa mshale wa juu au nikaondoa unyamazishaji. Wakati mwingine mkosaji ni kidole changu mwenyewe: katika kicheza muziki kiitwacho VLC, herufi M hunyamazisha sauti, na anayedhani yumo katika kisanduku cha kutafutia huibonyeza bila kujua.

Hoja yangu ina ufa mmoja, nao ni kwamba NVDA na kicheza muziki vinaweza kuwekewa vifaa tofauti vya kutolea sauti, kiasi kwamba maneno yanakuja masikioni mwangu na muziki unakwenda kwenye televisheni iliyounganishwa kwa waya wa HDMI. Ama muziki ukififia tu kila NVDA inaposema, hapo hakuna kilichoharibika. Kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Shift na D hubadilisha mpangilio huo.

Lawama yangu kubwa naielekeza kwa watengenezaji. Mwenye kuona hutambua mara moja mchoro wa spika uliokatwa mstari, ilhali mimi husikia "kitufe" pasipo jina, ingawa kukipa jina ni kazi ya maneno mawili matatu. Katika programu moja nilikutana na vitufe vinne vya aina hiyo mfululizo, nikavibonyeza kimoja baada ya kingine nikitafuta sauti, na cha tatu kikafuta orodha yangu yote ya nyimbo.