Nukta nyeupe si kosa la balbu
Makala moja niliyosoma inasema nukta nyeupe zinazotapakaa kwenye picha ya projekta ni dalili ya balbu kuchoka. Si kweli, na ushauri huo utawatia watu hasara. Nimetengeneza projekta hapa Kondele, Kisumu, miaka mingi, nyingi zikitoka kumbi za kuonyeshea mpira. Balbu ikichoka, picha nzima hufifia. Projekta za aina iitwayo DLP zina chipu aliyoivumbua Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987: imejaa vioo ambavyo upana wa kimoja haufikii unene wa unywele, na kila kioo kinasimamia nukta yake. Projekta yenye picha ya nukta 1024 kwa 768 ina vioo 786,432, vyote vikiinama huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Kioo kikikwama upande wa kuwaka, nukta nyeupe haiondoki hata picha ikiwa ya usiku wa giza. Joto huchangia sana vioo kukwama. Juzi nilifungua moja, kichujio cha hewa kimeziba kwa vumbi mpaka feni inakoroma. Mwenyewe alikuwa ameshanunua balbu mbili bure! Nilibadilisha chipu, nukta zikaisha. Mafundi wenzangu wa Nakuru, chipu mpya mnazipata wapi, maana ninazoletewa mimi nyingi zimeshatumika?