Mkate wa Samaki Malindi

Desemba iliyopita niliwapandisha wapwa zangu boti yenye sakafu ya kioo kwenda kuona matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Maji yalikuwa yamekupwa. Tulipofika juu ya mwamba, nahodha alitoa slesi za mkate, akazimega na kuzirusha majini. Kufumba na kufumbua, samaki wadogo wenye milia myeusi wakajaa ubavuni mwa boti, wakipigania kila kipande. Watoto walishangilia, nami pia nilifurahi. Lakini mkate ule haujanitoka akilini.

Nilimuuliza nahodha kama ni lazima. "Mwanangu," akanijibu, "mgeni hakuja kutazama mawe. Asipoona samaki, atawaambia wenzake huku hakuna kitu."

Ana hoja. Desemba, wageni wanapojaa, ndio wakati wa kaskazi, na Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi, umefura kwa mvua za vuli. Mkondo wa bahari huteremka kusini ukileta tope hadi hifadhini, na kuna siku chini ya kioo huoni ila ukungu. Mafuta ya injini amekwisha kuyalipia. Tena uvuvi umekatazwa ndani ya hifadhi hii, iliyotengwa mwaka 1968 ikiwa miongoni mwa za kwanza za bahari barani Afrika. Mtu ambaye hawezi kutupa mshipi pale anategemea samaki waonekane, basi.

Wapo pia wanaosema mkate ni jambo dogo. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe yetu, na tope la Sabaki linakuja kila mwaka. Slesi mbili tatu ni nini mbele ya hayo?

Hapo ndipo ninapoachana nao. Tumbawe likifa, mwani huota juu yake, na chipukizi jipya la tumbawe halipati pa kushika. Wanaousafisha mwamba ni samaki walao mwani: pono, kangaja, tafi. Samaki anayeshiba mkate hana haja ya kula mwani, na wale wenye fujo wanaoizoea boti huwasukuma wenzao pembeni. Joto na tope havitoki mikononi mwa nahodha wala mwangu. Mkate unatoka. Mwamba uliokwisha kudhoofika ndio unaowahitaji zaidi wasafishaji wake.

Ila sitaki mzigo huu umwangukie nahodha mmoja. Akiacha mkate peke yake, wateja watahamia boti ya jirani, naye atalala njaa kwa wema wake. Wenye boti wanapaswa kukubaliana waache wote siku moja, na wasimamizi wa hifadhi wasimame nao, wawaeleze wageni getini wanapokata tiketi. Sisi abiria nasi tuache kuudai. Nimewahi kusikia familia nzima ikilalamika kwamba mkate umekwisha mapema.

Siku ile mkate ulipokwisha, mpwa wangu mkubwa alivaa miwani ya maji akateremka, akaelea bila kukanyaga mwamba. Alipopanda aliniambia amesikia sauti chini, kama mtu anayetafuna mifupa. Alikuwa pono, mkubwa wa rangi ya buluu, akiukwangua mwamba kwa mdomo wake. Mtoto akaomba arudi tena majini.