Tunapiga dawa kama vile kwenye jani haishi kitu

Mjadala wa viuatilifu ukianza tu utasikia nyuki, utasikia samaki, utasikia mabaki kwenye mboga na afya ya anayebeba bomba, na hayo yote ni kweli, sibishi hata moja. Ila kuna kundi halitajwi kabisa na ndo linaloipokea dawa kabla ya wote, nalo ni vijidudu vinavyoishi juu ya jani lenyewe. Bakteria, fangasi, hamira za porini. Wengi wetu tukisikia bakteria au fangasi kwenye mmea akili inaenda moja kwa moja kwenye ugonjwa, na hapo ndo tunapokosea, manake walio wengi pale hawana shida yoyote na mmea na wengine wanaulinda kabisa.

Sentimita moja tu ya mraba ya jani inakadiriwa kubeba bakteria kati ya milioni 1 na milioni 10. Na sio kwamba wanaishi kwa raha, jani ni sehemu ngumu sana: jua linachoma mchana kutwa, umande unakauka, chakula ni ile sukari kidogo inayovuja kutoka ndani. Ndo maana wengi wao wana rangi za njano, chungwa au pinki za kuwakinga na jua, na wanajibana pamoja pembeni ya mishipa ya jani na kwenye vitundu ambavyo mmea unapumulia. Kuna jamii inaitwa Methylobacterium, hawa wanakula methanoli ambayo jani linaitoa lenyewe linapokua. Chukua jani ulibonyeze kwenye sahani ya kuoteshea bakteria yenye methanoli, baada ya siku kadhaa umbo la jani linajichora pale kwa rangi ya pinki. Mimi nadhani kila anayesomea kilimo angetakiwa kuonyeshwa hiyo sahani kabla hajashika bomba la dawa.

Sasa wanafanya kazi gani? Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich kule Uswisi walichapisha jaribio moja zuri sana, walichukua mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis, ukiwa hauna kijidudu chochote, wakaupandikiza bakteria wa jamii ya Sphingomonas, halafu wakauletea Pseudomonas syringae ambaye ni mgonjwishaji anayejulikana. Mimea yenye Sphingomonas ilikingwa, ile isiyokuwa nao ikaugua vibaya, na hao Methylobacterium wa pinki hawakutoa kinga ya namna hiyo, kwa hiyo sio kwamba kijidudu chochote tu kinatosha, inategemea nani yuko pale. Wanavyolinda ni kwa njia nyingi, wengine wanamaliza sukari kabla mgonjwishaji hajaifikia, wengine wanatoa kemikali za kumzuia, wengine wameshakaa tu mahali ambapo yeye angekaa. Jani likisafishwa linakuwa kama kiwanja kilichoachwa wazi, anayewahi ndo anajenga, na anayewahi sio lazima awe mwema.

Dawa za fangasi ndo zinanipa wasiwasi zaidi. Zile za kundi la azoli zinavuruga utengenezaji wa ergosteroli, kitu ambacho fangasi karibu wote wanakihitaji kwenye ngozi ya seli zao, na za kundi la strobilurini zinakata upumuaji ndani ya seli. Mitambo hiyo anayo fangasi wa kutu ya ngano na anayo pia hamira asiye na hatia aliyekaa pembeni yake! Aureobasidium pullulans, kwa mfano, anapatikana kwenye majani karibu dunia nzima na ni mzuri kiasi kwamba anazalishwa na kuuzwa kama kinga ya magonjwa ya matunda, halafu huyohuyo tunamnyunyizia dawa bure shambani. Nakubali kwamba athari hazilingani, kuna majaribio ambayo mabadiliko yalikuwa madogo, na mara nyingine jamii ya vijidudu inarudi baada ya wiki kadhaa. Lakini ukirudia kupiga kabla haijarudi, je?

Na kuna visa ambavyo dawa yenyewe iliongeza ugonjwa, sio nadharia hii. Mwaka 1971 watafiti wa Uholanzi walieleza kuhusu maua ya saiklameni yaliyopigwa benomili, dawa ya fangasi, kuzuia ukungu wa kijivu, Botrytis. Botrytis aliyekuwepo alikuwa ameshakuwa sugu kwa dawa ile, ila fangasi wa jamii ya Penicillium waliokuwa wanamzuia hawakuwa sugu, wakafa wao, adui akabaki peke yake uwanjani na mimea iliyopigwa dawa ikaugua kuliko ambayo haikupigwa. Wataalamu wa magonjwa ya mimea wana jina kabisa la ugonjwa wa namna hii, ugonjwa unaoletwa na tiba.

Usugu nao una upande wake. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa umetumika tangu mtaalamu wa mimea Millardet aliposambaza habari zake Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na mpaka leo dawa za shaba zinaruhusiwa hata kwenye kilimo hai sehemu nyingi, kwa hiyo tusidhani neno "hai" linamaanisha jani limeachwa salama. Shaba inaua bakteria bila kuuliza ni nani, wanaobaki ni wenye jeni za kuihimili, na jeni hizo mara nyingi ziko kwenye vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine, yaani hata bakteria mpole anaweza kuzihifadhi halafu akampa mgonjwishaji. Antibaiotiki pia zinapigwa kwenye miti ya matunda, na streptomaisini ilishashindwa na bakteria anayeunguza matawi ya mipeasi kule California mwaka 1971.

Dawa za wadudu zinaingia kwa mlango mwingine, ukiua vidukari umekata ule utomvu mtamu wanaoudondosha na hamira zilizokuwa zinaula zinapungua. Halafu kuna zile sabuni za kufanya dawa ishike kwenye jani, zinabadilisha maji yanavyokaa juu ya nta na hilo kwa kijidudu ni badiliko la makazi yote.

Kinachoniudhi ni kwamba taratibu za kusajili dawa hazioni haya. Umoja wa Ulaya, ambao watu wanausifia kwa ukali, unadai kampuni ilete vipimo vya nyuki, minyoo ya ardhini, na hata jinsi vijidudu vya udongoni vinavyoendelea kubadilisha naitrojeni. Vizuri. Lakini kipimo cha lazima cha vijidudu vya kwenye jani hakipo, wakati dawa inalengwa palepale! Teknolojia ya kusoma DNA za jamii nzima ya vijidudu imeshuka bei sana, kwa hiyo kisingizio cha kwamba haiwezekani mimi sikikubali. Iwekwe kwenye masharti: nani walikuwepo kabla, nani wamebaki, na wanarudi baada ya muda gani.

Kwa mkulima sisemi aache dawa, kuna magonjwa yakiingia shamba lote linaondoka. Nasema aache kupiga kwa kalenda. Kagua kwanza, angalia hali ya hewa, piga pale ugonjwa unapokuwepo au dalili za kuja kwake ziko wazi, na chagua dawa inayolenga adui wako badala ya inayofagia wote. Na kama umenunua kinga ya kibayolojia, iwe fangasi kama Trichoderma au hamira au bakteria, usiichanganye kwenye bomba moja na dawa ya fangasi au ya shaba bila kusoma lebo inaruhusu nini na wapishane siku ngapi, maana hao uliowanunua ni viumbe hai na wanakufa na dawa kama wenzao waliokuwa kwenye jani tangu mwanzo.