Mkia wa Mteja

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipokuwa karani wa bima jijini Nairobi, tulitumia terminali za IBM 3278 zilizounganishwa na kompyuta kuu. Terminali hizo hazikupeleka herufi moja moja: ulijaza fomu kwenye skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, ukabonyeza Enta, na fomu nzima ikaondoka kwa pamoja. Hapo kibodi ilijifunga, alama ya X na picha ya saa zikatokea chini ya skrini, na chochote ulichochapa kabla ya jibu kurudi kilipotea kama maji mchangani.

Mimi nilikuwa nimeugeuza upotevu huo kuwa dawa. Kompyuta ilipozubaa, hasa mwisho wa mwezi, niliichapia matusi yangu yote nikijua fika kwamba hayafiki popote. Wenzangu waliridhika na kusonya tu. Mimi nilitaka iandikwe.

Jumamosi moja fundi aliiondoa terminali yangu, akaweka kompyuta ndogo yenye programu ya kuiiga. Alinieleza kwamba sasa ningeweza kuchapa bila kusubiri, kwa kuwa programu ingezipanga herufi zangu foleni na kuzimimina mara tu kibodi ifungukapo. Niliitikia kwa kichwa huku mawazo yakiwa kwenye chai.

Jumatatu nilifungua rekodi ya mteja ili nimbadilishie anwani, na X ikaganda. Nikachapa HARAKA BASI WEWE PUNDA, nikapigilia Enta mbili za hasira, nikaenda zangu kuchukua kikombe. Nyuma yangu kibodi ilifunguka, na kielekezi kikatua palipo na jina. Foleni nzima ikamwagika hapo. Enta ya kwanza ikapeleka fomu, ya pili ikathibitisha mabadiliko. Na kwa kuwa mteja alikuwa na majina matatu marefu, herufi zangu hazikutosha kuyafunika yote, hivyo silabi mbili za mwisho zilibaki zikining'inia nyuma ya PUNDA.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja mwenye koti lililopigwa pasi vizuri aliitandaza mezani pangu barua ya kumkumbusha malipo, akaweka kidole juu ya jina.

"Kijana," akasema kwa upole ulionitisha kuliko bakora, "huu mkia nimeutambua, ni wangu. Kichwa je, ni cha nani?"