Kikapu cha elfu kumi na tano kinamlipa nani?

"Kumi na tano, mwanangu."

"Nipunguzie, mama."

"Haya lete kumi na mbili uniungishe, sijafungua tangu asubuhi."

Hiyo ni baraza moja ya Mji Mkongwe, Bagamoyo, na dakika haikuisha kikapu kikawa kimeshaondoka na mgeni wake. Elfu tatu zimekwenda kwa neno moja. Mwenye kikapu akaendelea kusuka, mimi ndiye niliyebaki nazihesabu.

Baadaye tukakaa tukapiga hesabu. Ukindu (majani ya kusukia) 3,000, rangi 500, mishikio ya ngozi 2,500, nauli ya kufuata vitu 1,000, jumla 7,000. Kwa hiyo akiuza 15,000 anasema kapata 8,000, na kwa lugha ya barazani hiyo ni faida. Lakini kikapu kile kilimla saa kama 14: kuchana ukindu, kuuchemsha na rangi, kuuanika, kusuka ukili, yaani utepe wa kikapu, pima baada ya pima, ndipo akashona. Ukigawanya, mkono wake unapata shilingi 571 kwa saa. Kwa bei ya kumi na mbili, ni 357.

Wanaofundisha ujasiriamali wana dawa ya hili, na wanaitoa kwa kujiamini sana: jumlisha malighafi, saa zako zitoze ujira, kisha faida iwekwe juu. Sawa. Tumpe 1,500 kwa saa, si pesa ya kutisha. Kikapu kinafika 28,000 kabla ya faida yenyewe. Kwenye karatasi ni haki tupu. Ila hatua chache kutoka pale kuna mwenzake mwenye kikapu kinachofanana, naye leo ana marejesho ya kikoba, atakiachia kwa kumi. Mnunuzi hajui saa 14 ni kitu gani, anaona vikapu viwili tu.

Nilipomwambia mama juu ya kutoza saa, alicheka. "Saa zenyewe ningemuuzia nani?" Jibu hili hudharauliwa semina zote nilizowahi kukaa, na mimi naona ndilo lenye uzito kuliko mengi yaliyosemwa humo. Anasuka maharage yakiwa jikoni, mjukuu yuko miguuni, redio ya simu inaimba. Muda huo hauna mteja mwingine. Masika ikishika, wageni wanakatika na unyevu unaleta ukungu kwenye ukindu. Kikapu kilichong'ang'aniwa bei mwezi wa nne kinaweza kuozea mkononi. Elfu tano inayombakia leo akiuza kumi na mbili, kwake, si ujinga.

Hata hivyo hoja yake ina tundu, na nililiona pale tulipohesabu vitu vyake vingine. Pochi ndogo ya ukili: malighafi 2,000, saa 4, inauzwa 8,000. Hiyo ni 1,500 kwa saa, palepale penye ujira niliokuwa natamani. Mkeka mkubwa wa rangi, ambao ndio fahari yake na ndio watu wanaoupiga picha: malighafi 12,000, saa 60, anauza 45,000. Shilingi 550 kwa saa. Kumbe saa zake zina mnunuzi mwingine, na mnunuzi huyo ni pochi yake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoegemea. Hesabu ya saa haimpangii mtu bei. Bei inapangwa na aliyesimama mbele yako, na mahali aliposimama. Kazi ya hesabu ni kukuonyesha kipi ukiache, kipi ukiongeze. Anayeikataa kwa sababu "wateja hawatalipa" ameitupa kabla haijamwambia kitu. Najua pochi nazo zikijaa baraza zote zitashuka bei, hilo halikwepeki, lakini mtu anayejua saa zake ataliona mapema kuliko asiyezijua.

Mahali pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, wengi tuliamini kikapu kimerudi sokoni. Ikaja mifuko mbadala ya bei ya chini, na mwenye kununua nyanya akaenda nayo. Kikapu cha 15,000 hakishindani tena na mfuko. Kinashindana na mkoba wa kutokea. Mteja wake hayupo kwenye nyanya, yupo kwenye maduka ya Dar es Salaam na Zanzibar, au anapita wakati wa tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Na maduka yana balaa lao. Mwenye duka anataka kuongeza chake juu, mara nyingine bei inazidi mara mbili, hivyo ukimpa kwa 15,000 huku wewe barazani unauza 12,000, mteja mmoja akigundua duka limekukimbia. Tena wengi wanataka mali kauli: kikiuzwa utalipwa, kisipouzwa kitarudi kimefifia rangi. Mtaji mdogo hauwezi kulala rafuni miezi mitatu. Ukikubali mali kauli, bei yake lazima iwe juu ya bei ya taslimu, na hilo mwambiane mapema.

Niliporudi mwezi uliofuata, baraza ilikuwa imejaa pochi. Vikapu viwili tu, na bei yake ilikuwa ishirini. Kupungua ilikuwa ni kumi na nane, basi. Nyuma ya mlango niliona mkeka umekunjwa, nikauliza bei.

"Huo hauuzwi, mwanangu. Wa arusi ya Kaole, wameshalipa nusu."