Msiruke Swali Hata Moja

Kosa lilikuwa langu, na nililianza siku ya kwanza, sala ya kufungua ilipomalizika tu. Nilisimama chini ya mti mbele ya wanafunzi 14, nikainua fomu ya mtoto mgonjwa juu kama mbao za Musa, nikasema: "Maswali haya yana mpangilio wake. Msiruke swali hata moja. Hata moja!"

Watu hao walichaguliwa na vijiji vyao wawe wahudumu wa afya, maana kituo cha karibu ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Misheni ilinituma mimi, muuguzi, niwafundishe kwa siku sita. Kwa hamasa yangu nikaanzia mbali: mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 kuhusu huduma ya afya ya msingi, na jinsi tume ya tiba ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilivyolipigania wazo hilo mapema. Nilipoinua macho, wanne walikuwa wamesinzia, na mmoja wao ni mchungaji aliyenileta.

Mama mmoja mtu mzima, rika la mama yangu, hakusinzia. Alikuwa anaandika. Nilikuja kuona baadaye kwamba ukurasa wake mzima ulikuwa na maneno matatu: "Usiruke. Hata moja."

Siku ya nne tukafika kwenye malaria. Tangu alfajiri kichwa kilikuwa kinanigonga na viungo vinauma, nikalisingizia godoro. Ilikuwa wiki yangu ya tatu pale kijijini, tukihesabu na maandalizi. Nikahubiri habari za chandarua nusu saa nzima. (Changu kilikuwa kwenye begi, kimekunjwa vilevile kilivyotoka kiwandani. Joto, jamani.)

Ilipofika zamu ya kuchomana vidole kwa kipimo cha malaria, kila mtu akaficha mikono. Nikajitolea. Yule mama akavaa glavu, akanifuta kidole kwa spiriti, akanichoma. Nikaruka, nikajifanya nimekohoa. Tone la damu kwenye kipimo, matone ya dawa, tukasubiri dakika 15. Nikawaeleza: mstari mmoja penye C, hakuna malaria, ukitokea na wa pili penye T, ipo. "Changu kitaonyesha mmoja," nikasema, "ili mjue cha mtu mzima wa afya kinavyofanana."

Muda ulipotimia mama akakiinua kwenye mwanga, akamwonyesha jirani yake. Jirani akahesabu kwa kidole: moja, mbili.

Ningekuwa na akili ningemeza dawa nikalale. Lakini mama alikuwa ameshafungua fomu.

"Umri wa mtoto, kwa miezi?"

"Mama, nina miaka 41."

"Imeandikwa miezi, mwalimu."

Kijana mmoja akachuchumaa akapiga hesabu mchangani.

"Mlezi wa mtoto?"

Kimya. Mchungaji, ambaye sasa alikuwa macho kuliko sote, akainua mkono, akaja akakaa kando yangu, akanishika bega. Penye uhusiano wakatafuta "mchungaji", hakuna. Wakatia alama penye "mama".

"Haya, mama mtoto. Mtoto anaweza kunyonya?"

Mchungaji akanitazama kwa makini. "Sijamjaribu," akajibu.

Hapo nikaangua kicheko, na kicheko kikaniponza, kwa sababu lililofuata lilikuwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, na mimi mwenyewe ndiye niliyefundisha kwamba mtoto asiyetulia hahesabiwi. "Mtoto hajatulia," mama akatangaza. "Tunasubiri." Tulisubiri mara tatu. Nikatoka na pumzi 22. Akaandika: "Chini ya 40. Hana nimonia."

Ukaja utepe wa kupimia mkono, ule wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ambao nyekundu yake, ya utapiamlo mkali, ni chini ya sentimita 11.5. Kwangu ncha mbili hazikukaribiana. Akaitwa mtu wa kusaidia kuvuta. Nikasema inatosha, tumeelewa. Mama akaandika: "Rangi zimekwisha. Lishe ipo."

Dawa nakiri alinipa sawasawa. Alisoma jedwali la uzito, akapata vidonge vinne kwa dozi, mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Ila nilikuwa nimewafundisha kuponda na kuchanganya na maji. Basi akaviponda vyote vinne, akavikoroga, akamkabidhi "mama" kijiko. Asiyewahi kulamba dawa mseto iliyopondwa hajui uchungu. Na kwa kuwa nilisema mtoto aangaliwe nusu saa asije akatapika, watu 14 wakakaa nusu saa wakitazama mdomo wangu.

Nikadhani tumemaliza.

"La mwisho, la ushauri. Mtoto analala kwenye chandarua?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwekea kiganja: anaulizwa mlezi. Nikamgeukia mchungaji, tuliyelala naye chumba kimoja wiki zote tatu, nikamtazama kwa macho ya kuomba rehema.

"Hapana," akasema mtumishi wa Mungu. "Kiko kwenye begi."

Siku ya kufunga kulikuwa na ibada ya shukrani. Yule mama akaitwa kutoa ushuhuda, akasimama na rejesta mkononi. "Namshukuru Mungu kwa mgonjwa wangu wa kwanza. Ni mtoto wa kiume, miezi 492. Dawa amemaliza. Chandarua tumemtundikia."

Aliyeitikia "Amina!" kwa sauti kuliko kanisa zima alikuwa mama yangu, mchungaji.